Niliikata Habari Ikiwa Bado Kwenye Mvua

Nimekosa. Naanza na hilo kabla sijajipamba, maana nikiachiwa nafasi mimi ni hodari sana wa kujipamba. Nimemkosea mtu aliyekuwa zaidi ya ndugu, na nimemkosea baba yake ambaye sikuwahi hata kumwona sura.

Mhariri, jina langu liache. Huku Karatu tunajuana wote. Wanafunzi wangu wa zamani wengine sasa ni madereva wa watalii, wengine makatibu kata, na wakinijua watanicheka mpaka kule kreta ya Ngorongoro wasikie. Nakuomba na kitu kingine: ukikuta sentensi ndefu humu ndani, usiikate. Utaelewa ukifika mbele.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Si mwalimu hivi hivi, jamani! Wanafunzi waliniita Mwalimu Nukta, na mimi badala ya kuona aibu nikaona ni cheo. Mzaliwa wa Kansay, nyumbani tulisema Kiiraqw tu, lugha yetu Wambulu, Kiswahili nimekikuta darasani. Nilipokipata nikakishika kwa mikono miwili, nikajiona ndiye mwenye funguo zake. Mtu akinisalimia kwa sentensi ndefu nilikuwa naihesabu moyoni ingefaa kukatwa wapi. Naam, nilikuwa mgonjwa kiasi hicho, na nilikuwa nalipwa mshahara kwa ugonjwa huo.

Tena nilikuwa mhariri wa gazeti la shule. Msicheke! Gazeti lenyewe lilikuwa karatasi chache za kudurufu zilizobanwa kwa pini, wino ukitoka hafifu upande mmoja. Lakini mimi na kalamu yangu nyekundu tulitembea kwa mwendo wa watu wakubwa.

Sasa mwenzangu. Nitamwita Loserian, na hilo silo jina lake. Mmasai wa Ololosokwan, kule juu Loliondo, mwalimu wa jiografia. Tuligawana nyumba moja ya shule: yeye chumba cha mbele, mimi na mke wangu Mama Safari vyumba vya nyuma. Watu walishangaa kuona Mmbulu na Mmasai chini ya bati moja, maana wazee wetu walijuana zaidi kwa kufuatana nyayo za ng'ombe walioibwa. Sisi hatukuwa na ng'ombe wa kuibiana. Tulikuwa na chaki, na foleni ya sukari ambayo mara nyingi iliishia kwenye hakuna sukari.

Loserian ndiye aliyenifundisha jinsi kwao wanavyopeana habari. Mgeni akifika, hamalizi kwa hujambo na sijambo. Anakaa. Halafu anaanza kutoa habari kipande kimoja kimoja, na mwenyeji anaitikia "ee" kila kipande. Mgeni anaanza na mazuri: watu wapo, ng'ombe wapo, mvua imenyesha. Jambo zito linakaa nyuma kabisa, kwa sababu si vizuri kumtwisha mtu zito hajajiandaa. Wenyewe wanasema wanakula habari. Na mwenyeji haondoki kabla hazijaisha.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunafanya hivyo kwa utani, yeye na mimi, tumekaa nje kwenye magogo. Nilimpa habari za Kansay, za mahindi na ndege waharibifu, yeye anaitikia ee, ee. Nakiri nilizipenda saa zile. Sijapata kusikilizwa namna ile na mtu mwingine, hata mke wangu, ambaye husikiliza huku anachambua maharage.

Kulikuwa na kidonda kimoja kwake. Baba yake alikataa kula habari zake. Loserian alipochagua ualimu badala ya kurudi kwenye ng'ombe, mzee alinyamaza. Kila likizo kijana anafika nyumbani, anakaa mbele ya baba, anaanza: safari ilikuwa njema, Karatu kuna amani, shule imefungwa. Mzee haitikii. Anainuka anakwenda kutazama ndama. Bila "ee" huwezi kuendelea, utakuwa unaongea na ukuta.

"Siku baba akiniitikia ee moja," Loserian aliniambia, "mimi nimemaliza kila kitu ninachotaka duniani."

"Moja tu?"

"Moja tu. Zitakazofuata ni nyongeza."

Basi nilijua. Naomba hilo likae wazi: nilijua kabisa rafiki yangu anangoja nini kutoka nyumbani.

Mwaka ule, vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha na dukani palikuwa peupe, Loserian akaniletea hadithi kwa ajili ya gazeti. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mtu anayefika bomani na kumpa habari mwenye boma. Mazungumzo tu, karibu yote. Huyu mgeni alikuwa anasema hivi, nakumbuka neno kwa neno, na ningependa kusahau:

"Ng'ombe wapo, mbuzi wapo, wazee wanaota jua, mvua imenyesha, majani yametoka, mto umejaa, watu wamesubiri upande wa pili, mtoto wako hakusubiri, ameingia majini, tumemtafuta, tumempata chini kwenye mawe."

Kila baada ya kipande, mwenye boma anaitikia ee. Hapo mwisho tu haitikii.

Mtu mwenye akili angeketi chini akanyamaza. Mimi nikachukua kalamu nyekundu.

"Mwalimu Loserian," nikamwambia, "hii ni sentensi au ni msafara wa punda?"

"Ni mtu anaongea."

"Mtu gani anaongea bila nukta? Ng'ombe wapo. Nukta! Mbuzi wapo. Nukta! Kila moja hapo ni sentensi kamili, imejitosheleza, ina mtendaji na tendo lake. Na hizi ee, ee, ee ni za nini? Zinajaza karatasi bure."

Alikuwa mtu mpole. Akavuta kigogo karibu.

"Rafiki yangu, ukiweka nukta pale kwenye ng'ombe, anayesoma anadhani mtu kamaliza. Hajamaliza. Ule mkato unamwambia kaa, bado naja. Yule baba anasikia ng'ombe wapo, anafurahi, lakini masikio yake yanangoja. Kila mkato unavyopita anazidi kuogopa. Wewe ukimpa nukta, umempa ruhusa ya kuondoka."

Lo, maneno mazuri namna hiyo, na mimi nilijibu nini? Nilijibu kwamba sanifu ni sanifu. Nikaongeza, kwa sauti ya darasani, kwamba mambo ya bomani yabaki bomani, humu tunaandika. Nilimwambia hivyo mtu ninayekula naye sahani moja.

Hakukasirika. Alisema tu, "Basi angalau usikate mwisho."

"Mwisho ndio mrefu kuliko vyote," nikasema. "Nafasi hakuna."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi Loserian akachukua baiskeli akashuka Endamarariek, kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa mwalimu mwenzetu. Mimi nikabaki nyumbani naandaa stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia. Nilikuwa nimejiweka mezani barazani, miwani puani, biskuti sina lakini heshima ninayo, napiga nukta kwenye hadithi ya mwenzangu. Ng'ombe wapo, nukta. Mbuzi wapo, nukta. Nilikuwa najisikia raha, nisiwafiche.

Ndipo akaja mzee mmoja wa Kimasai, shuka nyekundu limepauka kwa vumbi, katambuga miguuni, fimbo mkononi. Alikuwa baba mdogo wa Loserian. Nilimfahamu, maana alishawahi kulala kwetu.

"Supai, mwalimu."

"Epa. Karibu mzee. Mwenzangu hayupo, ameshuka Endamarariek, atarudi jioni."

Mzee akasimama kidogo, akafikiri. Akasema lori lililomleta limeshusha ngozi, sasa linapakia mahindi, na yeye inabidi akae karibu nalo, dereva si mtu wa kuaminika. Akanitazama.

"Wewe ni ndugu yake," akasema. "Nitakupa wewe habari."

Mama Safari akamletea kigoda na chai ya rangi. Mzee akakaa, akalaza fimbo juu ya mapaja, akaanza. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, lakini kilikuwa kinaeleweka vizuri kabisa.

"Sisi tupo," akasema.

Mimi nina kalamu mkononi. "Ee."

"Watoto wapo."

"Ee."

"Ng'ombe wapo, wale wa baba yake na wale wa kwangu."

"Ee," nikasema, huku natazama stensili, maana nilikuwa nimeona herufi imeruka.

"Wale waliohamia upande wa bondeni wamerudi, wote wazima."

Hapo sikuitikia. Nilikuwa natafuta ile dawa ya kufutia makosa kwenye stensili, na chupa ilikuwa imekauka. Mzee akangoja. Nikashtuka nikasema "ee, ee", mbili kwa pamoja, kulipia.

"Mvua imenyesha," mzee akasema, taratibu zaidi. "Imenyesha vizuri."

Jamani! Nilipaswa kujua! Mtu ametoka Ololosokwan, amepanda juu ya ngozi mbichi, amepita nyika yote ile na ukungu wote ule wa ukingoni mwa kreta, anakuja kuniambia mimi imenyesha? Lakini mimi nilikuwa na gazeti la kutoa Jumatatu. Mimi nilikuwa mtu muhimu.

"Basi mzee," nikasema, nikampiga bega kidogo kwa kirafiki, "nimeelewa. Wote wazima, mvua ipo, Mungu ashukuriwe. Inatosha. Nitamfikishia."

Mzee akaacha kinywa wazi. Halafu akakifunga. Akanitazama machoni kwa muda, tena kwa upole ambao sikuuelewa siku ile.

"Umeelewa?" akauliza.

"Nimeelewa yote."

"Hutaki niseme?"

"Hakuna haja, mzee wangu. Wewe wahi lori lako."

Akaitikia kwa kichwa. Akanywa chai yake akaimaliza, akachukua fimbo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Mama Safari alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. "Baba Safari, yule mgeni hajamaliza."

"Kamaliza."

"Hajamaliza. Nimemwona uso."

"Wewe sasa ndiye unafundisha Kiswahili?" nikamwambia. Naona aibu hata kuiandika. Akarudi jikoni, mimi nikarudi kwenye nukta zangu. Nikafika "majani yametoka", nikaweka nukta ya mwisho, hadithi ikaisha hapo. Mto, mtoto, mawe, vyote nikavifuta. Hadithi ikawa safi, fupi, na yenye furaha. Hongera yangu!

Loserian alirudi jua likizama, amechoka, amebeba kipande cha nyama ya sherehe kwa ajili ya Mama Safari. Nikamwambia kutoka mezani, bila hata kuinuka, "Baba yako mdogo alipita. Kwenu wote wazima."

Akasimama na baiskeli mkononi. "Alipita? Alisema nini?"

"Watoto wapo, ng'ombe wapo, waliohama wamerudi, mvua imenyesha."

"Ee," akaitikia, akangoja.

"Ndiyo hayo."

"Akaishia wapi?"

"Kwenye mvua."

Loserian akaegemeza baiskeli ukutani polepole. "Mvua si mwisho. Hakuna mtu anatoka kwetu kuja kusema mvua. Ulimsikiliza mpaka akamaliza?"

Hapa sasa, wapenzi wasomaji. Kumkata mzee lilikuwa kosa la kijinga, na ujinga Mungu husamehe kila siku, la sivyo asingepumzika. Lakini hapa niliulizwa swali kwa Kiswahili safi, na jibu nilikuwa nalo. Ningesema: hapana, ndugu yangu, nilimkata, kimbia stendi ya malori umtafute. Lori halikuwa limeondoka! Mzee alikuwa palepale Karatu, kwa Wamasai wenzake karibu na barabara kuu, mwendo wa kumaliza sigara moja.

Lakini kusema hivyo kungekuwa kukubali kwamba jana yake Loserian alikuwa amenieleza jambo na lilikuwa la kweli. Mwalimu wa jiografia amshinde Mwalimu Nukta kwenye mazungumzo? Haiwezekani!

"Mpaka nukta ya mwisho," nikasema. "Tena kaharakisha, lori lilikuwa linamngoja. Ameshaondoka."

Mama Safari alikuwa anasikia. Akamtazama Loserian, akanitazama mimi. Hakusema kitu, maana mchana nilikuwa nimemfunga mdomo, na nilimfunga vizuri.

Loserian alikaa kwenye gogo kidogo. "Labda kazeeka," akasema mwisho. "Labda siku hizi wanaishia kwenye mvua." Akacheka kidogo, akaingia ndani.

Alfajiri nilisikia lori likinguruma kupanda kuelekea getini Ngorongoro. Nikageuka upande wa pili nikalala.

Wiki iliyofuata gazeti likatoka, na wanafunzi wakaipokea hadithi kwa shangwe. Walikuwa wanaikariri mstarini kama gwaride. "Ng'ombe wapo!" kiranja anapiga kelele. "Nukta!" wanaitikia wote. "Mbuzi wapo!" "Nukta!" Mimi nasimama pembeni natabasamu, mhariri mzima. Loserian aliisoma ubaoni ilipobandikwa. Akasema, "Jina langu ungeliondoa tu." Akaenda darasani.

Haikupita muda mrefu, akaja dereva mmoja wa watalii, kijana wa kwao, akasimamisha landrova yake mbele ya ofisi na Wazungu wake ndani. Alimwita Loserian pembeni chini ya mnazi-bandia wa bendera, ile nguzo yetu iliyopinda. Niliwaona wakisimama. Niliona dereva anaongea na Loserian anaitikia kwa kichwa, kipande kwa kipande. Kisha niliona kichwa kimeacha kuitikia.

Baba yake alikuwa amekufa. Alikuwa ameshazikwa.

Loserian aliondoka na landrova ileile mpaka huko walikokuwa wanafika, na mbele akatembea. Alikaa kwao siku nyingi. Mimi nikawa naongoza vipindi vyake vya jiografia, nafundisha mvua. Nilijiambia baba yake alikuwa mzee tu, watu hufa. Hata hivyo chakula kikawa hakipiti.

Aliporudi alikuwa amenyoa kichwa. Nilikuwa nimeketi nje kwenye magogo. Nikainuka, nikampa pole, akaipokea. Akakaa kwenye gogo lake, na mimi kwenye langu.

"Nikupe habari?" akauliza.

"Nipe."

Akaanza, kwa sauti ileile ya Jumapili zetu, na mimi nikaitikia kila kipande, kwa sababu sikuwa na la kufanya.

"Nimefika, mama yupo, wadogo zangu wapo, ng'ombe wapo, mvua kweli imenyesha, baba mdogo nimemkuta, ameniambia alikuja huku, akakupa habari wewe, ukamzuia kwenye mvua, akaona huyu Mmbulu ana adabu kupita watu wote aliowahi kuwaona."

"Ee," nikasema.

"Akaona umeshajua lililobaki ni zito, hutaki mzee wa watu aumie kulitamka, umelichukua mwenyewe. Kwetu mtu akifunga habari anakuwa amebeba zilizobaki. Amekusifia kwa kila mtu."

Ee yangu ilitoka ndogo sana.

"Lililobaki lilikuwa hili: baba amelala, hali ugali, hanywi maziwa, ameniita, amesema nije nikae mbele yake, atasikiliza habari zangu, ataitikia mpaka mwisho. Baba mdogo alikuwa ameniwekea nafasi kwenye lori. Akangoja mpaka dereva akamtukana. Sikuonekana. Akajua nimepata habari nikakataa kuja, kwa sababu ya hasira za zamani. Akarudi akamwambia baba."

Sikuitikia. Sikuweza!

"Baba akauliza: amepewa habari zote? Baba mdogo akasema zote, amepewa na mtu mwenye adabu. Baba akageukia ukutani, na..."

Nikangoja. Kuku wa Mama Safari wakapita katikati yetu.

"Malizia," akaniambia. "Wewe ndiye mhariri."

Nililia, jamani. Mwanamume mwenye mke na mtoto, nimeshika kichwa, nalia mbele ya kuku. Nikasema, "Nilimkata, Loserian. Nilikuwa na stensili. Nilimkata."

"Wapi?"

"Kwenye mvua."

"Kwenye mvua," akarudia. "Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Alikaa pale mpaka giza likaingia kidogo, kisha akainuka akaingia chumbani kwake. Hakunitukana hata neno. Ningempa chochote anitukane. Wapo watu wanaopigwa na marafiki zao wakapatana kesho yake, na mimi niliwaonea wivu.

Kesho yake asubuhi nikamwamkia kwenye foleni ya chai. "Habari za kuamka?"

"Nzuri."

Nikangoja. Nikaitikia, "Ee." Nikaitikia tena, "Ee," kama mjinga, kikombe mkononi, walimu wengine wananitazama. Hakuongeza kitu. Na tangu siku hiyo ndivyo ilivyokuwa. Habari za kazi? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Sentensi fupi, safi, imejitosheleza. Nilimfundisha mwenyewe na alifaulu vizuri mno.

Muhula ulipokwisha aliomba uhamisho akapata. Hadithi hakuandika tena, nimeuliza watu waliofanya naye kazi. Mama Safari bado yupo nami, lakini nikimwuliza jambo hujibu akiwa ameshageuka. Kalamu nyekundu niliitupa chooni, ishara kubwa sana hiyo, haikumsaidia mtu yeyote. Nilipanga pia kwenda Ololosokwan kwa yule baba mdogo, nikae mbele yake, nimwambie kwamba adabu ile aliyoniona nayo sikuwa nayo. Mpaka leo sijaenda. Kila nikitaka kwenda naona kazi zimenibana, maana mimi ni mtu muhimu.

Juzi mnadani nilimwona Loserian. Amenenepa kidogo, anashika mbuzi sikio anamwangalia meno. Nikasukuma watu, nikafika mbele yake.

"Loserian! Habari za siku nyingi?"

Akanitazama, wala hakuwa na chuki.

"Nzuri, mwalimu," akasema, akarudi kwa mbuzi wake.

Nilisimama pale. Nikaitikia ee. Watu walikuwa wanapita na ng'ombe wao, wakinipigia miluzi nitoke njiani, na mimi nangoja tu kama kuna kitu kinakuja.

Wewe unayesoma hapo kwako, mwalimu, karani, mkubwa wa ofisi, mtu mwenye shughuli: akikujia mgeni ukamwona anaanza na ng'ombe na mvua, weka kalamu chini. Usimwambie umeelewa. Usimpige bega. Kaa, mwitikie, na umwache anyamaze mwenyewe, hata chai ikipoa, hata gazeti lisipotoka. Na ukiwa umeshamkata, kimbia ukamtafute kabla lori halijawashwa. Mimi nililisikia likinguruma, nikavuta blanketi.